"Ukuta uko wapi?" Jibu kwa muongoza watalii anayesumbuliwa na neno "world"

Swali: Assalaam aleykum, Mwalimu. Mimi naongoza watalii hapa Mji Mkongwe, Zanzibar. Kila nikianza matembezi huwaambia wageni kwamba mji huu ni World Heritage Site. Juzi mama mmoja wa Kiingereza aliangaza macho huku na huku, kisha akaniuliza ukuta wenyewe uko wapi. Nikabaki kushangaa, maana sikutaja ukuta. Wenzangu wanasema sitii "r". Mmarekani mmoja alinionesha namna ya kukunja ulimi, nikashindwa kumfuata. Mwingine akaniambia Waingereza hiyo "r" hawaitamki kabisa. Nimfuate nani, na neno hili linatamkwaje hasa?

Jibu: Wa aleykum salaam, ndugu yangu. Huyo mama masikio yake ni mazima. Alichokisikia ni "Walled Heritage Site", yaani urithi uliozungushiwa ukuta. Na kwa kuwa alikuwa amesimama kwenye mji wa mawe, wenye Ngome Kongwe na kuta nene kila upande, hakuona sababu ya kutilia shaka. Akauliza ukuta.

Kiini cha tatizo lako ni hiki. "Walled" ya Kiingereza cha Uingereza ni w, halafu o ndefu, halafu ld. Ile o yao ya "wall" iko karibu sana na o yetu ya Kiswahili ukiivuta. Kwa hiyo unapolisoma "world" kwa herufi zake, w-o-ld, husemi "world" vibaya. Unasema "walled" vizuri kabisa. Neno likiharibika tu, msikilizaji hukisia. Likigeuka neno jingine lililo kamili, hana haja ya kukisia, na ndiyo maana mama yule hakukuomba urudie.

Kwa hiyo hii habari ya "r" tuiweke kando kwanza, nitairudia. Muingereza wa London hatamki "r" hapo na bado "world" yake haichanganyiki na "walled". Kinachoyatenganisha maneno hayo mawili ni irabu.

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza, kwa hesabu ya vitabu vingi vya matamshi, kina 20 ukijumlisha na zile zinazoanzia mahali na kuishia pengine, kama ya "time". Irabu ya "world" haimo katika tano zetu. Katika kamusi huandikwa kwa alama inayofanana na tarakimu 3 iliyoandikwa ndogo, ikifuatwa na nukta mbili za kuonesha urefu: wɜːld. Mwanaisimu J. C. Wells, katika kazi yake ya mwaka 1982 kuhusu lafudhi za Kiingereza, aliyapanga maneno ya Kiingereza kwa mafungu ya irabu na kila fungu akalipa neno moja la kuliwakilisha. Fungu hili alilipa neno "nurse", na hadi leo wanafonetiki huiita irabu ya "nurse".

Na sisi "nurse" tunalo, tena muda mrefu. Tumelifanya nesi. Lakini "nursery", ambalo ni ndugu yake wa damu, tumelifanya nasari. "Skirt" tumeifanya sketi, "shirt" tumeifanya shati, na "jersey" ikawa jezi. Irabu ni moja katika maneno yote matano, ila sisi tumeipokea mara kwa e, mara kwa a. Waliokopa maneno haya walisikia sawasawa: sauti yenyewe iko kati ya a na e, na ukilazimishwa kuchagua utachagua leo hii, kesho ile. Angalia lakini kwamba hakuna aliyeleta "nosi" wala "skoti". Sikio halikusikia o hata mara moja. O ya "world" yako imetoka machoni, kwenye maandishi. Kama usingewahi kuliona neno hili limeandikwa, yaelekea ungesema "weld" au "wald", na mama yule angekuelewa.

Sasa tuitengeneze. Sema e kama ya "pesa", uivute: eeee. Usikate sauti. Huku inaendelea, rudisha ulimi nyuma kidogo mpaka ulale katikati ya kinywa, usiguse meno wala kaakaa. Wakati huohuo legeza midomo: isitanuke kama kwenye e, isiviringe kama kwenye o. Taya libaki lilipo, maana likishuka utapata a. Utasikia sauti fulani hafifu, isiyo na uso, kama ya mtu asiyejua aseme nini. Ndiyo hiyo, na sifanyi mzaha. Muingereza anapotafuta neno, pale ambapo sisi husema "eee" au "yaani", yeye hutoa irabu hii hii. Mtegee mgeni anayepiga hesabu ya bei ya kanga kuigeuza pauni, utaisikia bure, tena ndefu.

Ugumu unakuja kwa sababu katika "world" irabu hiyo inaanza mara tu baada ya w. W inataka midomo iviringe, na midomo ikishaviringa inapenda kubaki hivyo. Hapo o inajipenyeza hata kwa mtu aliyekwisha kuijua irabu yenyewe. Fungua kamera ya simu upande wa uso wako, sema "wer" polepole, utazame midomo. Lazima uione ikiachia kabla ya irabu. Ikibaki duara, umesema "war", na hapo wageni wataanza kukuuliza vita gani.

Nikae kidogo kwenye hii w, maana ndiyo inayowapotosha wanafunzi wengi na mara chache huelezwa. Katika maandishi ya Kiingereza, w huibadilisha herufi inayoifuata, kiasi kwamba a baada ya w mara nyingi husomwa kama o, na o baada ya w mara nyingi haisomwi kama o. Tazama "ward" na "word". Msomaji wa Kiswahili ataona a kwenye la kwanza na o kwenye la pili, naye atatamka "wad" na "wod". Kumbe "ward" ndiyo yenye o, na hospitalini tunalijua hilo tangu zamani: tunasema wodi, hatusemi wadi. "Word" ndiyo yenye ile irabu ya katikati. Ukitamka "word" kama "wod", umetaja wodi ya wagonjwa.

Au tazama jumba lenu la Beit el-Ajaib, ambalo Waingereza huliita House of Wonders. "Wonder" imeandikwa kwa o lakini hutamkwa kwa sauti inayokaribiana na a yetu: wanda. "Wander", yaani kuzurura, imeandikwa kwa a lakini Waingereza huitamka wonda. Sababu za hali hii ni mbili. A ya zamani iliviringwa na midomo ya w, hasa katika karne ya 17, lakini tahajia haikubadilishwa kuifuata. Na ile o ya "wonder" iliwekwa na waandishi wa Zama za Kati mahali palipokuwa na u, kwa sababu mistari ya u ikibanana na ya w na n katika mwandiko wao ilikuwa haisomeki. Kwa hiyo usiwaone Waingereza kuwa wamekosa akili. Wamerithi mwandiko wa watu wengine.

Kanuni ya kubeba mkononi: ukiona "wor" ikifuatwa na konsonanti, weka irabu ya "nurse". Work, word, world, worm, worse, worst, worth, worship, yote hayo. Ukiona "war", weka o ndefu: war, ward, warm, warn. Wanaotoka nje ya mstari ni wachache, na utakaokutana nao sana ni "worn", yenye o ndefu, na "worry", ambayo kwa Waingereza huanza kama "wonder".

Nimekuahidi "r". Wote waliokushauri wana haki, kila mmoja kwao. Kusini mwa Uingereza "r" isiyofuatwa na irabu ilififia polepole, na mwaka 1791 mtunzi wa kamusi ya matamshi John Walker alikuwa tayari anaandika kwamba watu wa London huitamka kwa ulegevu mno. Waskoti, Waayalandi na Wamarekani walio wengi wamebaki nayo. Ila "r" ya Mmarekani siyo ya kwetu. Yetu hupigwa kwa ncha ya ulimi, kama katika "rudi". Yake haigusi popote: ulimi hujikusanya nyuma, na irabu na "r" huwa sauti moja isiyogawika. Ndiyo maana ulipojaribu kumfuata ulikwama. Inaelekea ulikuwa unatafuta mahali pa kupiga ulimi, na mahali hapo hapapo.

Ushauri wangu kwako ni uiache. Wageni wako wanatoka Italia, Ujerumani, Poland, Uingereza, Marekani, na hakuna hata mmoja ambaye "r" yako ndiyo itamfanya aelewe. Ukiitia "r" yetu katikati ya neno, ulimi unapiga, kisha mara moja unatakiwa upande tena kwa ajili ya l, na hapo ndipo watu wengi huzaa "werodi" au "wololdi". Wapo Waskoti wanaoigonga "r" hapo karibu kama sisi na hawasahihishwi na mtu, kwa hiyo si kosa la dini. Ni mzigo tu usio na faida. Na kwa mwenzako ambaye lugha ya nyumbani kwao haitofautishi l na r, anayehangaika na kura na kula au karamu na kalamu, kuiacha "r" ni kujipunguzia nusu ya safari. Sharti ni moja: ukiiacha hapa, iache na kwenye work, first na church. Kuchanganya huwachosha wasikilizaji.

Twende kwenye l, ambayo kwa maoni yangu ni ya pili kwa umuhimu, kwa sababu ndiyo pekee inayotenganisha "world" na "word". L ya "lala" ni nyepesi: ncha ya ulimi inagusa ufizi, nyuma ya ulimi imepumzika. L ya Kiingereza inapokuwa mwisho wa silabi huwa nzito: ncha inagusa ufizi, na wakati huohuo nyuma ya ulimi inainuka kama unayetaka kusema u. Kwa hiyo ifanye hivi. Sema u, ishikilie, na huku unaisema pandisha ncha ya ulimi mpaka ufizini bila kuviringa midomo sana. Ukisikia sauti imejaa zaidi ya l ya kawaida, umefika. Ncha isipofika, usihuzunike: watu wengi wa London nao haifiki, "milk" yao ni kama "miuk".

Hapa pia kuna jambo la kukupa moyo. Sisi tukikuta l imebanwa na konsonanti nyingine huipa irabu ya kupumulia, ndiyo maana "film" ikawa filamu. Walimu wakali husema hilo ni kosa la kuondolewa kabisa. Katika "world" mimi nalitumia. Wamarekani wengi hulitamka neno hili kwa mapigo mawili hafifu, karibu na "wer-uld", na ukirudi nyuma miaka elfu moja utakuta Kiingereza cha kale kiliandika "weorold", silabi mbili wazi. Kwa hiyo jipe ruhusa ya kuchomeka kivuli cha u kabla ya l. Kianze kikiwa kirefu, kisha kikate kila siku kidogo. Usiweke tu irabu upande wa pili, baada ya l. "Werlud" hakuna anayesema.

Ile d ya mwisho ndiyo inayokusukuma kusema "woldi", maana ulimi wetu haupendi neno lifungike kwa konsonanti. Usipambane nayo moja kwa moja. Anza na sentensi ambazo d inafuatwa na irabu: "the world is", "the world of", "all over the world and". Katika mazungumzo ya kawaida Waingereza wenyewe huiunganisha d na irabu inayofuata, kwa hiyo "world is" inasikika kama "wer-ul-diz". Tabia yetu ya kufungua silabi hapo inakuwa sahihi. Ukishazoea, katiza sentensi kabla ya "is", ulimi ukiwa umeshikilia ufizini, pumzi imefungwa. Hiyo ndiyo d yako. Kabla ya "Heritage" d hiyo inasikika kidogo sana, na kabla ya "Cup" au "Bank" karibu inazama. Usiipigie kelele.

Kwa mazoezi, usianze na neno zima. Panda kwa ngazi hii, kila neno mpaka lilainike: her, were, girl, whirl, world. "Her" inakupa irabu peke yake. "Were" inaongeza w. "Girl" inaleta l nzito bila w. "Whirl" inakutanisha zote, na ukiongeza d kwenye "whirl" umefika, kwa sababu kwa Waingereza na Wamarekani walio wengi "whirled" na "world" hutamkwa sawasawa kabisa. Hata wao wenyewe hawawezi kuyatofautisha kwa sikio.

Kujipima, tumia simu. Washa ile huduma ya kuandika kwa sauti, ichague lugha ya Kiingereza, useme neno moja moja: word, ward, walled, world. Usiseme "World Heritage Site" yote kwa pamoja, kwa sababu programu hizi hubahatisha kwa kutazama maneno jirani, nayo itakuandikia "World" hata ukikohoa. Neno likiwa peke yake halina pa kujificha. Kamusi ya Cambridge mtandaoni nayo ina vitufe viwili vya sauti, cha Uingereza na cha Marekani. Bonyeza, urudie, ujirekodi, usikilize zote mbili zikifuatana.

Tahadhari, kwa kuwa nimeiona kwa wanafunzi wengi: mtu akishaipata irabu mpya huipenda, akaanza kuimwaga kila penye "or". Kazi yako ina mitego ya namna hiyo kila kona. Mbele ya nyumba ya Freddie Mercury kule Shangani utasema alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. "Mercury" inaanza na irabu ya "nurse", sawa. Lakini "born" ina o ndefu. Ukiitia irabu mpya utakuwa umesema "burn", na mgeni atadhani msanii alichomwa moto. Ukiwavusha kwenda Changuu kuwaona wale kobe wakubwa ambao asili yao ni Aldabra, Shelisheli, kobe ni "tortoise" yenye o ndefu, na mwisho wake ni "tas" hafifu, siyo "toizi". Kasa wa baharini ndiye "turtle", mwenye irabu ya "nurse". Ukibadilisha irabu umebadilisha mnyama. Kanisa la Mkunazini ni "church", irabu ya "nurse", siyo "chachi". Hamamu za Kidichi, ambazo Seyyid Said alizijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, ni "Persian baths", irabu hiyo hiyo tena, ingawa imeandikwa kwa e. Mercury, church, turtle, Persian, world: tahajia tatu tofauti, sauti moja. Yaseme hayo matano kwa mfululizo kila asubuhi unapokwenda kuwapokea wageni.

Na ukishamaliza "world", mtazame jirani yake. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo wengi wetu husema "heRItej" au "heriTEji". Kiingereza kinaweka mkazo mwanzoni: HEritij, na hakuna i ya kumalizia. Msikilizaji wa Kiingereza hulitambua neno kwa mkazo kabla ya kuzipima irabu zake, hivyo "Heritage" yenye mkazo mahali pasipo inaweza kumpoteza hata kama "world" yako imenyooka. "Site" haina tabu, itamke kama "saiti" bila i ya mwisho.